Istikani ya Chai na Mkono wa Mwingereza

Wajukuu zangu, ukiingia nyumba yoyote ya Iran, iwe ya tajiri wa Tehran au ya mvuvi wa Bushehr, kabla hujaulizwa kilichokuleta utawekewa chai. Haiji kwenye kikombe chenye kishikio kama chetu. Huja kwenye kigilasi kilichobanwa kiunoni, ili uione rangi yake, nyekundu iliyokolea. Mwenyeji hukibana kipande cha sukari ngumu kwa meno, ndipo apige funda, chai ipite juu ya sukari ikielekea kooni. Kigilasi hicho wanakiita istikani.

Ukiuliza jina hilo limetoka wapi, wapo wengi watakaokwambia, tena bila kusita: kwa Waingereza. Watasema Waingereza walipokuwa wakisafirisha chai ya India waliandika kwenye makasha maneno matatu ya lugha yao, la mashariki, la chai na la kopo, na watu wa bandarini wakayatamka kwa mkupuo mmoja yakawa istikani. Hadithi tamu, lakini si kweli. Neno ni la Kirusi, stakan, yaani bilauri. Lilitoka kaskazini, kwa Warusi.

Sasa hapo ndipo ninapotaka tukae. Imekuwaje watu waamini upesi hivyo kwamba hata kigilasi chao cha chai kilibatizwa na Mwingereza? Sisi tunasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Waajemi nao wana methali yao, pacha wa hii yetu: aliyeumwa na nyoka huogopa kamba nyeusi na nyeupe. Leo nitawaonyesha nyoka mwenyewe na mahali alipouma. Anayemwona mwenzake akiruka kamba, na habari za nyoka hazijui, atamdhania mwendawazimu.

Kwanza shikeni jambo moja. Uingereza haikuwahi kuitawala Iran kama ilivyotutawala sisi. Haikupeleka gavana, wala bendera yake haikupepea juu ya ikulu ya Tehran. Sisi wa Tanganyika tunayo tarehe yetu, 9 Desemba 1961: usiku wa manane bendera yao ikashushwa, yetu ikapanda, na kila aliyekuwepo uwanjani akaona kwa macho yake kwamba mgeni anaondoka. Kenya wana 12 Desemba 1963. Waajemi hawana usiku kama huo. Bendera ambayo haikupandishwa itashushwaje? Na mgeni aliyeingia bila kuonekana, utajuaje kama ametoka?

Aliingia kwa mikataba. Iran ya karne ya 19 ilikaa kati ya tembo wawili: Mrusi kaskazini, na Mwingereza upande wa India na Ghuba. Wafalme wake walikuwa na uhaba wa fedha na walipenda safari za Ulaya, kwa hiyo walikuwa tayari kuuza. Mwaka 1872 Nasir al-Din Shah alimpa mfanyabiashara mmoja, Baron Julius de Reuter, yule yule aliyeanzisha shirika la habari lenye jina lake, haki ya kujenga reli, kuchimba madini, kukata misitu, kuanzisha benki, karibu kila chenye thamani katika nchi. Mkataba ulizua makelele mpaka ukafutwa mwaka uliofuata. Lishikeni jina hilo la Reuter, tutakutana nalo tena.

Mwaka 1890 ikaja zamu ya tumbaku. Shah huyo huyo alimpa Mwingereza mmoja, Meja Talbot, haki ya pekee ya kununua, kuuza na kusafirisha tumbaku yote ya Iran kwa miaka 50. Malipo yake: pauni 15,000 kwa mwaka na robo ya faida. Fikirini maana yake kwa mkulima. Umelima mwenyewe, umevuna mwenyewe, halafu mnunuzi ni mmoja tu, naye ndiye anayekupangia bei. Kisha jioni ukitaka kuvuta buruma, ambayo siku hizi mnaiita shisha, unanunua kwa mgeni tumbaku ya shambani kwako.

Shiraz ikachemka, ikafuata Tabriz, kisha Isfahan na Mashhad. Na mwezi wa Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la Mirza Hasan Shirazi, mwanazuoni mkubwa aliyekuwa akiishi Samarra, Iraq. (Ndiyo, Shirazi, jina lile lile tunalolisikia Unguja na Kilwa. Maana yake ni mtu wa Shiraz.) Fatwa ikaharamisha tumbaku ya namna yoyote. Habari zikasambaa nchi nzima, na waya wa telegrafu ukasaidia kuzibeba. Waya huo Waingereza waliukazania tangu miaka ya 1860 ili London izungumze na India, na sasa Waajemi wakautumia kupangana dhidi yao.

Watu wakaacha kuvuta. Wakaacha kweli! Maduka ya tumbaku yakafungwa, buruma zikavunjwa. Inasimuliwa kwamba hata ndani ya jumba la kifalme wake za Shah waligoma, na mtumishi akakataa kumwekea bwana wake moto wa buruma. Mapema mwaka 1892 Shah akasalimu amri, mkataba ukavunjwa.

Mimi hadithi hii huipenda kuliko zote za Iran, maana hakuna aliyepewa bunduki; watu walipewa tu kitu cha kuacha. Lakini sikilizeni mwisho wake. Kampuni ya Talbot ilidai fidia, ikapewa pauni 500,000. Shah hakuwa nazo. Akazikopa kwenye benki ya Waingereza iliyokuwa Tehran, ile ile iliyopewa haki ya kutoa noti za nchi. Ndivyo Iran ilivyopata deni lake la kwanza la nje. Ilishinda vita, ikatozwa gharama zake.

Msidhani kila alichogusa Mwingereza kilioza. Kiangazi cha 1906 wafanyabiashara, mafundi na wanafunzi wa dini wa Tehran walimtaka Shah aliyefuata akubali katiba na Bunge. Askari walipowaletea ukali, wakakumbuka desturi yao ya zamani inayoitwa bast: mtu akiingia mahali patakatifu au penye heshima, hakamatwi. Wakaingia bustani ya ubalozi wa Uingereza. Walianza wachache, wakafika zaidi ya 12,000. Kila chama cha ufundi kilipiga hema lake, washona viatu hapa, waoka mikate pale. Masufuria ya karamu yakainjikwa, wali ukapikwa kwa gharama za matajiri wa sokoni, na jioni, chini ya miti, waliosoma wakawaeleza wasiosoma katiba ni nini na Bunge hufanya kazi gani. Shah akakubali. Bunge la kwanza likafunguliwa mwezi wa Oktoba.

Mwenye bustani ile alipendwa mwaka huo. Watu waliamini wamempata rafiki.

Haukupita hata mwaka mmoja tangu Bunge lifunguliwe. Tarehe 31 Agosti 1907, huko Saint Petersburg, Uingereza na Urusi zilitia saini mapatano ya kuigawa Iran: kaskazini eneo la Mrusi, kusini mashariki eneo la Mwingereza, katikati paachwe wazi. Waajemi hawakuulizwa, walikuja kuambiwa baadaye. Ukinitaka niweke kidole mahali nyoka alipouma kwa mara ya kwanza, sitaweka kwenye tumbaku wala kwenye mafuta. Nitakiweka hapa. Adui akikuumiza unajua la kufanya. Aliyekupikisha wali bustanini kwake kisha akakugawa nyuma ya mgongo wako, huyo anakufundisha kutomwamini hata anapocheka nawe.

Mafuta sasa. Mwaka 1901 William Knox D'Arcy, aliyetajirika kwa dhahabu ya Australia, alipata haki ya kutafuta mafuta katika sehemu kubwa ya Iran kwa miaka 60. Alilipa pauni 20,000 taslimu, hisa za thamani hiyo hiyo, na ahadi ya asilimia 16 ya faida. Mwenyewe Iran hakuwahi kukanyaga. Aliyeteseka kwenye jua ni mhandisi wake, George Reynolds, miaka karibu saba ya vumbi na visima vikavu. Fedha zilikuwa zimekaribia kwisha na amri ya kufunga kazi ilikuwa njiani wakati, alfajiri ya 26 Mei 1908, pale Masjed Soleyman, mafuta yaliporuka juu kupita mnara wa kuchimbia na kuwalowesha wafanyakazi.

Kampuni ikaundwa. Mwaka 1914 serikali ya Uingereza, kwa kushawishiwa na Winston Churchill aliyetaka manowari zake zitumie mafuta badala ya makaa ya mawe, ikanunua asilimia 51 ya hisa. Waulizeni babu zenu kuhusu vituo vya mafuta vya BP, vile vya rangi ya kijani na njano vilivyokuwa katika miji yetu. Kampuni ile ni mtoto wa kisima cha Masjed Soleyman.

Kwenye kisiwa cha Abadan walijenga kiwanda cha kusafishia mafuta ambacho baadaye kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Mji ukakua kandokando yake, na mji huo ulisema wazi nani ni nani. Mtaa wa Braim ulikuwa wa wakubwa wa Kiingereza: nyumba zenye majani yaliyokatwa sawasawa, klabu, bwawa la kuogelea. Vibarua wa Kiajemi wengi walikaa pengine, na mtaa mmoja ulijulikana kama Kaghazabad, Mji wa Karatasi. Jina linajieleza. Hapakuwa na bomba la maji wala umeme, na kiangazi cha Abadan kinafika nyuzi 50. Wala fedha hazikugawanywa vizuri kuliko nyumba. Mwaka 1947 kampuni ilitangaza faida ya pauni milioni 40 baada ya kodi. Iran, mwenye mafuta, ilipata milioni 7. Vitabu vya hesabu haikuruhusiwa kuvikagua.

Hapo katikati yalipita mengine, nitayataja mbiombio. Katika Vita Kuu ya Kwanza Iran ilitangaza kwamba haimo, lakini majeshi ya Warusi, Waingereza na Waturuki yaliikanyaga, na njaa na maradhi ya 1917 hadi 1919 yakaua watu wengi mno. Mwaka 1921 afisa mmoja, Reza Khan, aliingia Tehran na askari wake akashika madaraka, akisaidiwa kupanda na Jenerali Ironside wa Uingereza. Baadaye akajifanya mfalme. Mwaka 1941, katika vita vya pili, Waingereza na Wasovieti walivamia nchi, wakamlazimisha mfalme huyo huyo kumwachia mwanawe kiti. Walimpeleka Mauritius, kisha Johannesburg, na huko Afrika Kusini ndiko alikofia mwaka 1944. Kwa hiyo Mwajemi aliyezaliwa mwaka 1910 alikuwa ameona, kabla hajafika miaka 32, mfalme akipandishwa na mgeni na akishushwa na mgeni. Unamlaumu akiuliza, kila anapoona jambo, nani yuko nyuma ya pazia?

Akatokea mzee mmoja. Mohammad Mosaddegh alikuwa mwanasheria aliyesoma Uswisi, mrefu, mwenye pua ndefu na afya dhaifu. Wageni aliwapokea akiwa kitandani, na machozi yalimtoka hadharani bila aibu. Mnamo Machi 1951 Bunge lilipitisha sheria ya kuyataifisha mafuta, na mwezi uliofuata Mosaddegh akawa waziri mkuu. Neno kutaifisha wazee wenu wanalijua vizuri tangu Azimio la Arusha la 1967. Iran ilitangulia miaka 16. Oktoba 1951 Waingereza wa mwisho wakaondoka Abadan kwa manowari iliyoitwa Mauritius. Jina la kisiwa kile kile walikompeleka mfalme.

Uingereza haikukubali. Iliwatisha wanunuzi wasiguse mafuta ya Iran, na mwaka 1952 meli Rose Mary iliyoyabeba ililazimishwa kuingia Aden, mzigo ukazuiwa. Ilikwenda mahakama ya kimataifa ya The Hague, na mahakama ikasema kesi hiyo si ya kwake. Ndipo zikaanza njama. Mosaddegh alinusa, akafunga ubalozi wao, akawafukuza. Wao wakawakabidhi Wamarekani watu wao waliobaki ndani: wenye magazeti, wabunge, maafisa wa jeshi, wababe wa mitaani wa kulipwa.

Jaribio la kwanza la kumwondoa, usiku wa 15 Agosti 1953, lilishindwa. Shah kijana akakimbilia Baghdad, kisha Roma. Siku nne baadaye, 19 Agosti, makundi ya watu yakajazana barabarani, vifaru vikaelekea nyumbani kwa Mosaddegh, mapigano yakachukua masaa, watu wengi wakafa. Mzee akapitia ukutani akatoroka, kesho yake akajisalimisha. Alifungwa miaka mitatu, halafu akazuiliwa kijijini kwake Ahmadabad mpaka alipokufa Machi 1967. Aliomba azikwe pamoja na raia waliouawa mwaka 1952 walipoandamana kumtetea. Ikakataliwa. Wakamzika nyumbani, chini ya sakafu ya chumba alichokuwa akilia chakula, na hadi leo yupo hapo. Mwaka 2013 shirika la ujasusi la Marekani lilitoa hati za kukiri kwamba mapinduzi yale yalikuwa kazi yake.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkisikia Mwajemi akisema kar-e Ingilis, yaani hii kazi ya Mwingereza, msicheke haraka. Husema hivyo basi likichelewa, umeme ukikatika, waziri akianguka. Mwandishi wao Iraj Pezeshkzad alitunga mwaka 1973 riwaya iliyopendwa sana, Da'i Jan Napoleon, juu ya mjomba anayeamini kila baya linalomfika limepangwa na Waingereza. Ikatengenezwa tamthilia ya televisheni, nchi nzima ikaangalia, ikajiona. Hata Shah, yule aliyerudishwa mwaka 1953 kwa msaada wao, mapinduzi ya 1979 yalipomfika alishuku kwamba Waingereza wana mkono. Waziri mmoja wa zamani wa mambo ya nje wa Uingereza, Jack Straw, ameandika kitabu kizima kuhusu kutoaminiwa huko, na jina la kitabu amelichukua kwenye msemo huo.

Lakini sumu ikikaa mwilini hudhuru hata nyoka akishaondoka, na jambo hili lazima niwaambie. Ukiamini kila jambo limefanywa na mgeni, unaacha kuwaona wenye nchi. Waliomwangusha Mosaddegh walikuwemo Waajemi, tena wengi. Kuna waliolipwa, na kuna waliokuwa na sababu zao. Watawala nao wamejifunza kuitumia hofu hiyo. Msichana anayedai haki yake ataambiwa ametumwa, na mwandishi anayeuliza fedha zimekwenda wapi ataitwa jasusi. Novemba 1979 vijana walipouteka ubalozi wa Marekani na kuwazuia watu siku 444, wengi wao waliogopa kweli kwamba 1953 inarudi. Ung'ongo au nyoka? Hawakungoja kuangalia.

Na lile jina nililowaambia mlishike. Machi 2016 mama mmoja mwenye uraia wa Iran na wa Uingereza, Nazanin Zaghari-Ratcliffe, alikwenda Tehran na mwanawe asiyetimiza miaka miwili ili babu na bibi wamwone mjukuu msimu wa mwaka mpya. Akakamatwa uwanja wa ndege akirudi, akashtakiwa kula njama ya kuiangusha serikali. Alikana shtaka hilo. Mwajiri wake alikuwa taasisi ya hisani yenye jina la Reuters. Alizuiliwa miaka sita, na aliachiwa Machi 2022, wakati Uingereza ilipolipa karibu pauni milioni 400 iliyokuwa ikidaiwa na Iran kwa vifaru alivyolipia Shah miaka ya 1970 na visivyofika vyote. Deni la wakubwa lilikaa juu ya kichwa cha mama na mtoto. Mtoto alikuwa amekwisha fika miaka saba.

Mwenye kwenda Tehran leo atauona ubalozi wa Uingereza, bustani yake ikiwa bado pale na miti yake mirefu. Barabara ya ubavuni iliitwa Churchill. Baadaye wakaibadilisha, wakaipa jina la Bobby Sands, kijana wa Ireland aliyekufa gerezani mwaka 1981 kwa mgomo wa kula dhidi ya Waingereza. Na Abadan, kiwanda kingali kinafuka moshi, na wazee wa mji huita nyanya tamata, kwa Kiingereza cha mabwana wa Braim, bila kukusudia ubaya wala uzuri.

Kila mwaka, siku moja au mbili kabla ya Nairuzi, ile sikukuu ya mwaka mpya ambayo watu wa Makunduchi nao wana ndugu yake, shule na ofisi za Iran hufungwa. Kwenye kalenda imeandikwa kwamba ni siku ya kutaifishwa kwa mafuta. Wengi siku hiyo wako jikoni na madukani, wakimalizia maandalizi ya mwaka mpya. Mazulia yameoshwa, miche ya ngano imechipua sahanini. Jamaa wakifika kutoka mbali, kabla hawajaulizwa habari za njiani, wanawekewa chai kwenye istikani.